Nimezimishwa redio ya setilaiti ndani ya ndege, na hakuna anayeweza kunionyesha kanuni!

Wakuu, nimetua Atlanta jana usiku kutoka Los Angeles na mpaka sasa damu inanichemka.

Nina redio ya setilaiti ya mkononi, nailipia kila mwezi. Setilaiti zake zimekaa juu ya ikweta, hivyo ukiwa Marekani unazitafuta kusini. Ndiyo maana nililipa pesa ya ziada nikae dirishani upande wa kulia, maana tulikuwa tunaelekea mashariki. Ndege imeshatulia angani, nikaiegemeza kwenye kioo, nikavaa hedifoni, mpira ukasikika safi. Hazikupita dakika kumi mhudumu akaja: "Zima hiyo, inawasiliana na setilaiti, itamvuruga rubani."

Inawasiliana wapi? Inapokea tu! Haipeleki chochote huko juu.

Hofu yenyewe naijua na ina msingi. Redio ya FM ina osileta ndani yake, yaani sakiti inayotengeneza mawimbi yake yenyewe ili redio iweze kunasa stesheni, na mawimbi hayo huvuja nje kidogo. Ukisikiliza stesheni ya 100 MHz, osileta inafanya kazi kwenye 110.7, na mawimbi ya kuongozea ndege kutua yako hapohapo. FM izimwe, sina ubishi. Ila yangu inapokea kati ya 2,320 na 2,345 MHz, mbali kabisa na huko. Tena ina kirushio kidogo cha FM cha kupeleka sauti kwenye redio ya gari, nami nilikuwa nimekizima kabla sijapanda. Angeniuliza hilo ningemheshimu. Hakuuliza. Na wakati tunapaa, simu ya jirani yangu ilikuwa inalia meseji mfululizo, hakuna aliyemgusa!

Kanuni ya Marekani namba 91.21 inataja vifaa vinavyoruhusiwa moja kwa moja: vinasa sauti, vifaa vya kusaidia kusikia, vya kurekebisha mapigo ya moyo, mashine za kunyolea. Vingine inaliachia shirika la ndege liamue. Mwaka 2013 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikalegeza, watu wakaanza kutumia tableti hata ndege ikipaa. Kama shirika limeamua redio hapana, ni haki yao. Basi waandike pale ninapokata tiketi, kabla sijalipia dirisha!

Nilimwomba anionyeshe imeandikwa wapi. Akasema, "Unataka nimwite nahodha?" Watu wote wananigeukia kama mhalifu. Nikazima.

Kinachoniuma zaidi: wiki mbili kabla, shirika hilohilo, njia hiyohiyo wakati wa kwenda, mhudumu mwingine aliiona redio hii akaniuliza matokeo ya mechi. Sasa kanuni ni ya shirika au ya mtu aliye zamu?

Nimewaandikia. Jibu limekuja la mashine, asante kwa kusafiri nasi. Nataka pesa ya kiti changu, na nataka sera yao ya redio kwa maandishi. Aliyewahi kuipata kwa shirika lolote naomba aiweke hapa.