Saa 60 ndani ya gemu moja, kisha nikaliacha. Kwa nini kurudi ni kugumu hivi?

Swali

Wakuu, naomba mnisaidie kwenye jambo linalonikera muda mrefu. Mimi ni mtu wa magemu ya hadithi ndefu, yale ya kucheza peke yako. Juzi nimehesabu niliyonayo kwenye mashine, ni magemu 23. Niliyoyafikisha mwisho ni manne. Na si kwamba yale 19 ni mabaya, mengi yake niliyapenda kwa dhati.

Linaloniuma zaidi ni The Witcher 3, gemu la muwinda majini aitwaye Geralt. Nililicheza kama saa 60, karibu kila usiku, mdogo wangu wa kike akiwa kando yangu anaangalia. Yeye padi ya kuchezea haigusi. Kazi yake ni kuuliza maswali na kumchagulia Geralt cha kujibu. Wanaolijua wanajua, safari nzima ni ya kumtafuta Ciri, binti ambaye Geralt alimlea. Tulimtafuta Velen, tukamtafuta Novigrad, tukafika visiwa vya Skellige. Hapo kazi zikanizidi, nikasema acha nipumzike kidogo. Kidogo ikawa miezi mitatu.

Nilipofungua sevu yangu nikajikuta kwenye boti katikati ya bahari. Wakanishukia wale nguva wenye mabawa, nikabonyeza kila kitufe isipokuwa kile kinachotakiwa. Nimekufa mara tatu, nikazima.

Hadithi sikuwa nimeisahau. Gemu lenyewe linapofunguka, Dandelion, rafiki wa Geralt, anakusimulia mlipofikia, na kwa hilo nawashukuru waliolitengeneza. Vidole ndivyo vilivyosahau. Ngao ya uchawi inawashwa wapi? Kukwepa ni duara au X? Zamani nilikuwa nafanya bila kuwaza, sasa niko kama mgeni aliyepewa mwili wa mtu mwingine, na adui wa pale hawana habari kwamba mimi ni mgeni.

Ninachouliza: ni mimi tu? Na watengenezaji wanajua kwamba tunaishia njiani? Kama wanajua, mbona wanatuacha?

Jibu la kwanza

Uko na wengi, mkuu. Ila usifanye kosa langu la kuanza upya kila ukisahau. Kuna gemu moja nimelianza mara nne. Kijiji cha mwanzo nakijua mpaka kuku wake, mwisho wake sijawahi kuuona. Ukianza upya unachoka palepale ulipochokea, halafu unapumzika, halafu unasahau tena.

Jibu la pili

Mimi natengeneza magemu, madogo tu, tuko watu wachache. Nikujibu la mwisho kwanza: ndiyo, tunajua, na hata wewe unaweza kujua. Mashine ya magemu ya Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005 ilikuja na nishani zinazotolewa ukifika hatua fulani, Steam, duka la magemu ya kompyuta, ikafuata mwaka 2007, PlayStation ikaleta trofi mwaka 2008. Fungua ukurasa wa nishani wa gemu lolote la hadithi pale Steam, utaona asilimia ya wachezaji waliofika kila hatua. Iangalie inavyoshuka toka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Mara nyingi hata nishani ya dakika kumi za mwanzo haifiki asilimia 100, maana kuna watu wanafungua gemu, wanaangalia, wanafunga.

Mara ya kwanza kuiona ngazi hiyo kwenye gemu letu wenyewe niliumia sana. Ile sehemu ya mwisho ndiyo tuliyoifanyia kazi kwa mapenzi makubwa kuliko zote.

Sasa kwa nini haturekebishi tatizo hili? Gemu la kununua mara moja, pesa imeshaingia hata ukiishia levo ya pili. Gemu la bure la kwenye simu linakula kwa kurudi kwako, kwa hiyo huko wanapima nani amerudi siku ya 1, siku ya 7, siku ya 30, na wanakuwekea zawadi ya kila siku ili usikose. Lakini gemu la namna hiyo limejengwa usilimalize kamwe. Anayejua sana kukurudisha hana mwisho wa kukupa, na mwenye mwisho mzuri hajajifunza kukurudisha. Mimi naona hapo ndipo tumekosea kama fani.

Maana tatizo ulilolieleza si uvivu. Gemu refu linakufundisha vitufe taratibu katika saa za mwanzo, halafu linaongeza ugumu kufuata ustadi wako. Ukiondoka, ustadi wako unashuka, ugumu unabaki ulipouacha. Hilo pengo hakuna anayelijaza. Pokémon FireRed ya mwaka 2004 ilikuwa ukifungua inakuonyesha mambo machache uliyoyafanya mwisho kabla ya kukuachia. Ni wazo zuri mno, na miaka yote hii bado ni magemu machache yanayohangaika nalo. Na hata hayo yanakukumbusha matukio tu. La kukupa uwanja wa kupasha mikono moto baada ya miezi mitatu, ni nadra kulikuta.

Ushauri wangu: usianze upya, na usipigane hapohapo bahari ilipokuachia. Rudi eneo la mwanzo lenye adui dhaifu, cheza saa moja bila misheni yoyote. Ukiona bado, shusha ugumu kwenye mipangilio.

Jibu la tatu

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Pac-Man ya mwaka 1980 haikuwa na mwisho uliopangwa. Ukifika levo ya 256 nusu ya skrini inajaa takataka kwa sababu namba ya levo imepita uwezo wa kumbukumbu yake. Watu walicheza wakafurahi, hakuna aliyejiona ameshindwa kumaliza. Saa 60 ulizokaa na mdogo wako mmeshazipata, hakuna wa kuwanyang'anya. Kwa nini mwisho ukutese?

Aliyeuliza

Mkuu wa jibu la tatu, nakuelewa, na kwa gemu kama hilo nakubali kabisa. Lakini hapa kuna mtu anatafutwa. Wiki iliyopita tunakula, mdogo wangu akaniuliza ghafla, "Hivi Ciri alipatikana?" Nikakosa la kumwambia. Yeye hakuwa na padi, hakuchoka, hakusahau. Nilimkatia hadithi njiani, na alikuwa anaingoja miezi yote hiyo kimya.

Jana nimefuata ushauri wa jibu la pili. Niliipeleka boti bandarini, nikasafiri kwa kibao cha njiani mpaka White Orchard, eneo la mwanzo wa gemu. Mwanzoni nilikuwa navutwa na mbwamwitu kama sijawahi kushika upanga. Mraba pigo jepesi, pembetatu pigo zito, duara kukwepa, X kubiringika, L2 kuzuia, R2 uchawi. Nilikuwa navitaja kwa sauti. Baada ya kama dakika 40 nikagundua nimenyamaza na vidole vinaenda vyenyewe. Ugumu nimeushusha ngazi moja, na sioni haya kusema.

Mtu asinitajie kama anapatikana au hapatikani. Leo usiku tunarudi Skellige. Nimemwambia mchana, na mto wake wa kukalia ameshauweka mbele ya runinga.