Tumeugua wanne kwa chakula cha pakiti moja: nani anabeba dhima?

Swali (Mlaji)

Ndugu zangu, naomba mwongozo wa wanaoijua sheria. Watu wanne wa familia yetu tulikula chakula kilichofungashwa kiwandani, kutoka pakiti moja ambayo muda wake wa matumizi ulikuwa haujaisha, na kufikia siku iliyofuata sote tulishikwa na homa, kutapika na kuharisha. Mmoja wetu ni mjamzito, naye alilazwa siku sita. Muuzaji anasema aliipokea pakiti ikiwa imefungwa na hakuwa na njia ya kujua kilichomo. Msambazaji anasema yeye ni mbebaji tu. Na kiwanda kimetuandikia barua fupi kwamba maelfu ya watu wamekula bidhaa hiyohiyo bila kudhurika. Tatizo jingine ni kwamba pakiti ilinunuliwa na shemeji aliyekuja kututembelea, si na mgonjwa. Je, asiyenunua ana haki ya kudai? Na katika hao watatu, tumshike nani?

Jibu la 1 (Wakili)

Pole sana, na mgonjwa apate nafuu. Swali lako la kwanza liliwahi kufika mahakamani kwa sura inayokaribiana sana na hii. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi, chupa nyeusi isiyoonesha kilichomo, na baada ya kunywa sehemu yake akadai kwamba mabaki ya konokono aliyeoza yalimwagika kutoka humo. Hakuwa yeye aliyelipa, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 majaji wa Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji anayetoa bidhaa ikiwa imefungwa, bila kutarajiwa kuchunguzwa tena njiani, ana wajibu wa moja kwa moja kwa mtumiaji wa mwisho. Nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza ziliurithi msingi huu, na kwa hiyo mgonjwa wenu anaweza kudai ingawa hakununua.

Baadaye sheria katika nchi nyingi zilikwenda mbali zaidi. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, tangu maelekezo ya mwaka 1985 mdai hahitaji kuthibitisha uzembe wa mzalishaji. Anathibitisha madhara, kasoro ya bidhaa, na uhusiano kati ya hivyo viwili. Muuzaji naye hachomoki kirahisi, kwa kuwa ana mkataba na shemeji yenu, na mara nyingi sheria ya mauzo huingiza ndani ya mkataba huo ahadi kwamba chakula kinafaa kuliwa, hata kama haikutamkwa. Kwa kawaida mawakili huwashtaki wote watatu kwa pamoja na kuwaacha wasukumiane mzigo wenyewe.

Lakini konokono wa Paisley hakuwahi kuthibitishwa, kwa sababu kesi ilimalizwa kwa makubaliano kabla ushahidi haujasikilizwa. Mzozo wenu, naona, hautakuwa juu ya sheria hata kidogo. Utakuwa juu ya ushahidi, na hapo nawaachia wa maabara.

Jibu la 2 (Mtu wa maabara)

Wakili amegusa penyewe. Kila mgonjwa hushuku mlo wa mwisho, na mara nyingi hukosea. Sumu ya bakteria aitwaye stafilokokasi huweza kumwangusha mtu ndani ya nusu saa hadi saa nane. Salmonela, bakteria mwingine, huchukua saa sita hadi siku sita. Listeria, naye bakteria wa chakula, anapoingia kwenye damu huweza kukaa kimya hadi siku 70. Mtetezi wa kiwanda atauliza mlikula nini kingine katika muda huo, na asipopata jibu lililo wazi atalitumia hilo.

Kwa hiyo sampuli ndizo zenye neno. Je, hospitali ilichukua kinyesi au damu ya mgonjwa kabla ya kuanza antibayotiki? Kama kimelea kiliota, iombeni maabara kwa maandishi, leo si kesho, isikitupe, maana maabara nyingi hutupa baada ya muda. Pakiti yenu iwekeni kwenye friza pamoja na karatasi yake yenye namba ya toleo (yaani kundi la pakiti zilizozalishwa pamoja), ila mjue kwamba, kwa kuwa imeshafunguliwa, watasema mliichafua wenyewe. Pakiti ya toleo hilohilo ambayo haijafunguliwa, ikichukuliwa na mkaguzi wa serikali, ina uzito mkubwa zaidi. Ndiyo maana ripoti kwa mamlaka ya afya haisubiri wakili.

Angalieni yaliyotokea Afrika Kusini. Mlipuko wa listeria wa 2017 na 2018 uliwapata watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200, na kwa miezi chanzo hakikujulikana. Mwanya ulipatikana Januari 2018, pale watoto wa kituo kimoja cha malezi huko Soweto walipougua tumbo na wakaguzi wakachukua polony (aina ya soseji nene) iliyokuwa kwenye friji ya kituo. Upimaji wa vinasaba uliendelea hadi kwenye kiwanda kimoja cha Polokwane, ambako kilipatikana kimelea cha aina ileile iliyowaambukiza wengi, iitwayo ST6. Mwishoni mwa mwaka huohuo mahakama ikaruhusu waathirika wafungue kesi ya pamoja.

Kuhusu barua ya kiwanda, hoja ya maelfu waliokula salama ni dhaifu kuliko inavyosikika. Vimelea havisambai sawasawa ndani ya toleo zima, na dozi isiyomtikisa mtu mzima mwenye afya inaweza kumlaza mjamzito. Kwa dalili mlizozieleza, mimi ningeuliza kuhusu listeria kwanza.

Jibu la 3 (Mkaguzi wa zamani wa ubora)

Niongeze upande wa jinai, maana fidia peke yake kampuni huweza kuihesabu kama gharama ya biashara. Nchini Marekani, mlipuko wa salmonela kwenye siagi ya karanga wa 2008 na 2009 ulihusishwa na vifo tisa, na mwaka 2015 mkuu wa kampuni husika, Stewart Parnell, alihukumiwa kifungo cha miaka 28. Kilichomfunga ni karatasi zake mwenyewe: vyeti vya maabara vilivyoghushiwa na mzigo uliosafirishwa wakati wahusika wakijua hali yake. Hukohuko, mwaka 1975, Mahakama ya Juu ilithibitisha hatia ya mkuu wa kampuni ya maduka kwa sababu ya ghala lenye panya, ingawa hakuwa yeye msimamizi wa ghala hilo. Faini ilikuwa dola 250 tu, lakini tangu hapo wakubwa wa viwanda walianza kusoma ripoti za usafi.

Nimekaa kwenye chumba cha ubora miaka mingi. Wakili wenu aombe mahakama iamuru kumbukumbu za usafi na vipimo vya siku ya uzalishaji zitolewe. Kurasa zinazokosekana nazo husema.

Mlaji

Nawashukuru nyote. Damu ilichukuliwa siku ya kwanza, na nimeshaiandikia hospitali. Jana kiwanda kimetupigia simu: kinataka kulipa gharama za matibabu iwapo tutasaini hati. Tusaini?

Wakili

Msisaini bado. Hati za namna hiyo kwa kawaida humaliza madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, na hali ya mtoto aliye tumboni bado haijulikani. Waambieni walete rasimu kwa maandishi, na muulize mapema ukomo wa muda wa kufungua kesi mahali mlipo, kwa kuwa mazungumzo na kiwanda kwa kawaida hayausimamishi.