Kuondoa emoji kwenye ujumbe wa kundi: WhatsApp, Telegram au Discord?

Katibu_Hombolo
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, na mawasiliano yetu yote, kuanzia bei ya kilo hadi taarifa za misiba, hupita kwenye kundi la WhatsApp. Hivi karibuni tulitangaza msiba wa mama wa mwanachama mwenzetu, na chini ya tangazo hilo mtu akaweka emoji ya kucheka hadi machozi. Huenda alikusudia ile ya kulia, kwa kuwa katika ile safu ya emoji sita zinazotokea ukibonyeza ujumbe zimetenganishwa na moja tu, lakini mfiwa aliiona na akaumia sana. Nilitamani kuiondoa mara moja, nikakuta msimamizi hana pa kugusa. Je, ni programu ipi inayomwezesha msimamizi kuondoa emoji ya mtu mwingine bila kufuta ujumbe wenyewe?

Msimamizi wa Nkuhungu
Poleni sana na msiba, Katibu. Kwenye makundi ya WhatsApp uwezo huo haupo. Emoji hizi zilianza Mei 2022 zikiwa sita, na Julai mwaka huohuo zikafunguliwa zote, lakini anayeweza kuiondoa ni yule aliyeiweka. Hata ukifunga kundi ili wasimamizi pekee waandike, wanachama bado wataweza kuweka emoji. Kilichobaki ni kumpigia mhusika simu aiguse emoji yake na kuiondoa, au wewe ufute tangazo kwa wote na kulituma upya. Emoji huondoka pamoja nalo.

Mwalimu_Kongwa
Mimi nasimamia kundi la walimu kwenye Telegram, na ninaipendelea kwa sababu inazuia jambo kabla halijatokea. Katika mipangilio ya kundi, msimamizi huchagua kama emoji zote ziruhusiwe, baadhi tu, au isiruhusiwe hata moja. Sisi tumeacha dole gumba, moyo na mikono iliyounganishwa, na emoji ya kucheka haionekani kabisa kwa mwanachama anapobonyeza ujumbe. Kwa tangazo la msiba, kinga ya namna hiyo ina thamani kuliko kufuta, maana ukifika kufuta mfiwa ameshaona.

Fundi wa Makole
Kwa swali lako kama lilivyoulizwa, jibu ni Discord. Msimamizi mwenye ruhusa ya kusimamia ujumbe anaweza kuondoa emoji ya mtu mmoja, au kufuta zote zilizo chini ya ujumbe, na ujumbe wenyewe ukabaki. Unaweza pia kuweka roboti, yaani programu ndogo inayopewa ruhusa hiyohiyo, ikafuta papo hapo emoji ulizozikataza. Kuna jambo moja linalowaponyoka wengi: ukimnyima mwanachama ruhusa ya kuongeza emoji, bado anaweza kuigusa ile iliyokwishawekwa na mwingine, na hesabu ikapanda. Kwa hiyo funga ruhusa, kisha ondoa zilizopo. Hata hivyo, sidhani kama ni busara kuwahamishia Discord wazee wa Hombolo waliozoea WhatsApp kwa ajili ya jambo hili peke yake.

Mama_Vikoba_Chang'ombe
Naomba nitoe tahadhari, wapendwa. Vikundi vingi vya kukopeshana hukubaliana mambo ya fedha kwa dole gumba: katibu anaandika pendekezo la mkopo, wanachama wanaweka dole, na mweka hazina anahesabu. Msimamizi akiweza kufuta emoji, anaweza pia kufuta ridhaa ya mtu, na kwenye Discord kumbukumbu za usimamizi haziandiki ni nani aliyeiondoa. Kabla hamjatafuta chombo cha kufutia, hamishieni maamuzi ya fedha kwenye kura za WhatsApp, ambazo zipo tangu mwishoni mwa 2022 na huonyesha nani amechagua nini.

Msimamizi wa Nkuhungu
Mama amesema jambo zito, nami naliunga mkono. Katibu, fikiria pia chaneli ya WhatsApp, ambayo ni tofauti na kundi: mwenye chaneli anaweza kuzima emoji kabisa au kuruhusu zile za kawaida tu, na wafuasi hawaoni namba za wenzao. Wafuasi hawawezi kuandika humo, basi itawafaa kwa matangazo peke yake.

Katibu_Hombolo
Nashukuru sana. Nitapeleka kwa mwenyekiti pendekezo kwamba misiba na bei zitangazwe kwenye chaneli iliyozimwa emoji, mazungumzo na rambirambi zibaki kwenye kundi, na maamuzi ya fedha yapigiwe kura. Je, mwenyekiti naye anaweza kutangaza humo nikiwa shambani bila mtandao?

Msimamizi wa Nkuhungu
Anaweza. Fungua chaneli kwa simu yako, kisha mwalike awe msimamizi mwenzako. Akikubali mwaliko, atatuma matangazo kwa simu yake mwenyewe.