Naomba ushauri: tunakaribishwa ulanzi (pombe ya mianzi) tukiwa kwenye huduma

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mwinjilisti, kanisa limenituma vijiji vya Wahehe huku Iringa. Wenzangu wanataka tulale gesti mjini, tuje na spika na jenereta, tuhubiri, tuondoke. Mimi nataka tukae kwa wenyeji, tupalilie nao mahindi, tule wanachokula. Paulo katika 1 Wakorintho 9 alijifanya mtumwa wa wote ili awapate wengi, na sioni utamfikiaje mtu ambaye hujawahi kuketi jikoni kwake.

Kinachonitatiza ni ulanzi. Masika hii mianzi inagemwa kila mahali. Ukishasema "kamwene", salamu yao, tu, mzee anakuvutia kigoda, anaonja kwanza yeye mbele yako, ndipo anakukabidhi kikombe. Kanisa letu haliruhusu pombe kabisa, nami nalitii. Lakini kuurudisha mkono wa mzee mbele ya wajukuu wake ni kumvunjia heshima.

Ule mtamu wa asubuhi, kabla haujachacha, ninywe? Au kuna namna ya kukataa ambayo mzee ataiona ni adabu? Hasa ninyi Wahehe na Wabena mliookoka, wazee wenu huwa mnawaambiaje?