Baraza lina paa lakini halikaliki kukiwa na baridi na upepo: nianzie wapi?

KibarazaWazi:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wenu.

Baraza langu lina urefu wa mita 4 na kina cha mita 3. Nyuma kuna ukuta wa nyumba, kushoto kuna ukuta mwingine. Mbele na kulia ni wazi, nguzo tu. Paa ni bati tupu bila dari, na ukingo wake wa mbele uko mita 2.4 kutoka sakafuni. Sakafu ni saruji, viti ni vya chuma.

Shida ni msimu huu wa hali ya hewa isiyotabirika: mchana jua, alasiri mvua ya mshazari, jioni upepo wa baridi kutoka kulia. Tena asubuhi nakuta viti vimelowa hata usiku ambao mvua haikunyesha.

Nimepanga kununua hita mbili za gesi, zile ndefu zenye mwavuli juu. Zitatosha? Na pande zilizo wazi nijenge ukuta au niweke mapazia?

---

FundiTurubai:

Mkuu, hita iache kwanza. Ngozi ya mtu aliyetulia huzungukwa na tabaka jembamba la hewa iliyopashwa na mwili wake. Upepo hulipeperusha tabaka hilo muda wote, na mwili hulazimika kupasha jingine. Hewa ya moto ya hita nayo hupeperushwa vilevile. Ukiuzuia upepo, jioni nyingi utagundua koti jepesi linatosha.

Kabla ya kukata mbao, funga vipande vya utepe kwenye kila nguzo kwa urefu tofauti: sentimita 40 (miguuni), mita 1.2 (kichwa cha aliyekaa) na mita 2. Viangalie jioni tatu au nne. Upepo unaopiga kona ya nyumba hugeuka, na mara nyingi unaosikia unatoka kulia kumbe unapinda kutoka mbele. Utepe wa mita 1.2 ndio wa kuufuata.

Tuseme umethibitika kuwa wa kulia. Upande huo usijenge ukuta mzima. Upepo ukigonga kitu kisicho na upenyo huruka juu yake, kisha huanguka nyuma ukizunguka, yaani pale pale penye viti. Weka kizuizi cha mbao chenye urefu wa mita 1.5, mbao zikipishana: piga papi (mbao nyembamba za kushikilia) tatu za kulala kati ya nguzo, kisha pigilia mbao za upana wa sentimita 10 upande wa nje ukiacha nafasi ya sentimita 6 kati ya ubao na ubao. Upande wa ndani rudia, kila ubao ukifunika nafasi ya nje na kupita kingo zake sentimita 2 kila upande. Hewa hupita kwa kupinda na kupoteza nguvu, ila matone ya mvua hayapiti na mpita njia haoni ndani. Kizuizi cha sentimita 90 ambacho wengi hujenga hakisaidii kitu, kwa sababu shingo na kichwa hubaki juu yake.

Sasa mbele, na juu ya kile kizuizi. Kuna wanaokwambia urefushe paa ili mvua isiingie. Piga hesabu: mvua ikianguka kwa mshazari wa nyuzi 45 chini ya ukingo wa mita 2.4, maji yatafika mita 2.4 ndani. Baraza lako lina mita 3. Ungehitaji paa lililotokeza kupita kiasi, na ndani pangekuwa giza mchana kutwa. Dawa ni pazia la kuviringisha.

Tumia plastiki angavu ya PVC yenye unene wa milimita 0.5 hadi 0.75, iliyozungushiwa ukingo wa turubai. Nyembamba zaidi ya hapo hupasuka kwenye mishono. Kwa mbele shona vipande viwili vya mita 2.1 kila kimoja, ili vikutane katikati kwa kupandana sentimita 20. Pindo likunjwe mara mbili, upana sentimita 5, na ringi za chuma zigongwe kila sentimita 30. Chini shona mfuko wa kupitisha bomba la kulipa pazia uzito. Pazia liishie sentimita 2 juu ya sakafu ili maji yapate pa kutokea.

Kosa kubwa ni kufunga pembeni kwa kamba kavu, yaani isiyovutika, au skrubu. Kipande cha mita 2.1 kwa 2.2 kikipigwa na upepo wa kilomita 27 kwa saa hubeba msukumo kama wa uzito wa kilo 16. Kasi ikifika 54, yaani mara mbili tu, msukumo hufika karibu kilo 65, kwa kuwa huongezeka kwa mraba wa kasi. Kamba kavu haina pa kunepea, basi ringi inang'oka na kipande cha plastiki. Tumia vitanzi vya mpira vinavyonasa kwenye vishikizo vilivyoskrubiwa nguzoni. Hivyo pazia hutanuka kidogo na kurudi. Upepo ukivuma kwa nguvu hiyo ya pili, viringisha mapazia yote. Usingoje, kwani upepo mkali ukiingia kwenye baraza lililofungwa hukosa pa kutokea na husukuma paa kutoka chini.

---

WayaSalama:

Naunga mkono hoja ya upepo. Nizungumzie joto.

Hita ya mwavuli ya ukubwa wa kawaida ina takribani kilowati 12 na hula karibu kilo moja ya gesi kwa saa ikiwashwa mwisho. Mtungi wa kilo 13 ni kama saa 13 au 14. Sehemu kubwa ya joto hilo hupanda moja kwa moja hadi kwenye bati na kutokea ukingoni. Na ukishashusha mapazia, huruhusiwi kuiwasha kabisa, maana inachoma hewa na kutoa gesi chafu. Sasa utakuwa umenunua kitu kinachofanya kazi pale tu upepo unapoingia.

Kwa baraza lenye paa, chukua hita za umeme za mionzi, ambazo hupasha kinachopigwa na mionzi, yaani nguo, ngozi na kiti, bila kuhangaika na hewa. Mbili za wati 1,500 zinatosha ukizielekeza kwenye viti. Lengo liwe watu sita walioketi, mita 12 za mraba ziache. Moja ifunge kwenye ukuta wa nyuma, nyingine kwenye boriti ya mbele au ukuta wa kushoto, ili mgongo na kifua vyote vipate. Hita ikiwa juu ya utosi, kichwa kinaungua na magoti yanabaki baridi. Urefu uwe mita 2.2 hadi 2.4, ikiinamishwa, na umbali hadi kwa aliyekaa mita 1.5 hadi 2. Nafasi kati yake na dari ifuate kijitabu chake, na mapazia ya plastiki yakae zaidi ya mita 1 kutoka mbele ya hita. Pazia likiviringishwa juu, angalia bunda lake lisiwe mbele ya hita. Hapo ndipo plastiki huyeyuka.

Hita mbili ni wati 3,000. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni ampea 13, hivyo zipewe laini yake kutoka kwenye boksi la umeme: waya wa milimita za mraba 2.5 wenye ethi, breka ya ampea 16, na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30. Usitumie ekstensheni iliyozungushwa kwenye kigurudumu, kwani waya uliojiviringa hushika moto. Hita iwe na alama ya IP44 (kiwango cha kinga dhidi ya maji) angalau chini ya paa, na IP65 pale mvua inapoweza kuifikia. Waya kabla ya kuingia kwenye hita uachie upinde unaoshuka chini ya tundu, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Kazi hii afanye fundi umeme mwenye leseni.

---

KibarazaWazi:

Asanteni sana. Umeme ukikatika, je, nikishusha mapazia nikaweka jiko dogo la mkaa katikati, pembeni nikaacha upenyo wa mkono mmoja?

---

WayaSalama:

Hapana mkuu, hata kwa upenyo huo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi, na aliyekaa kwa utulivu hudhani amechoka tu. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hudanganya watu, maana yanaonekana safi huku yakiendelea kuitoa gesi hiyo mpaka yawe majivu baridi. Kwa hiyo hata kuliingiza jiko lililokwisha kupoa kidogo ni hatari.

Ukitaka moto wa kuni au mkaa, uwe nje ya paa, uwanjani, mita 3 au zaidi kutoka nyumba na mapazia. Umeme ukikatika, blanketi la sufu magotini na chupa ya maji moto miguuni vitawatosha ikiwa upepo umezuiwa.

---

BatiNaDari:

Nijibu la viti kulowa, maana limepitwa.

Kwanza hakikisha siyo kuvuja. Maji yakidondoka sehemu moja, na siku za mvua tu, ni raba ya skrubu iliyochakaa au bati lisilopandana vya kutosha. Yakidondoka kila mahali, alfajiri, baada ya usiku wenye nyota, huo ni umande wa bati lenyewe. Usiku usio na mawingu, bati hupoteza joto kuelekea angani na kupoa kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke hugusa bati, unakuwa maji, unatiririka upande wa chini wa bati na kudondoka kwenye kila papi.

Bati baridi juu yako pia hunyonya joto la kichwa na mabega hata hewa ikiwa imetulia. Dari, basi, inatibu mambo mawili kwa mpigo.

Ila usipigilie plaiwudi ukaishia hapo. Umande utaendelea, sasa ukidondokea juu ya dari, na baada ya misimu miwili utaona madoa meusi na plaiwudi ikijikunja. Ikiwezekana fungua bati, tandaza karatasi ya kuzuia maji juu ya papi ikilegea kidogo kati yake, na mwisho wake wa chini uingie ndani ya gata (mfereji wa maji ukingoni mwa paa). Rudisha bati juu yake. Chini piga dari ya mbao au plaiwudi ya milimita 9 inayostahimili maji, ikifuata mwinamo wa paa. Kati ya karatasi na dari unaweza kulaza vipande vya stairofomu vya milimita 30 kwa kuhifadhi joto, mradi hita isiwe karibu navyo. Acha upenyo wa sentimita 3 hivi ukingoni chini na juu, uzibwe kwa wavu wa mbu, hewa ipite. Anayeziba pande zote kwa silikoni akidhani anazuia baridi anaufungia unyevu ndani.

Gata liinamishwe milimita 5 kwa kila mita. Mita 4 zako ni sentimita 2 tu kutoka mwanzo hadi kwenye bomba. Chini ya ukingo mwaga kokoto upana wa nusu mita, vinginevyo matone yatagonga ardhi ngumu na kurusha tope kwenye plastiki angavu mpaka uone ukungu.

---

MbaoNaMito:

Viti vya chuma ndivyo vinavyowatesa, kwa sababu chuma huchukua joto la mapaja haraka mno. Si lazima ubadilishe. Kata mito ya sponji yenye unene wa sentimita 5 hadi 7, na chini yake weka kipande cha sponji ngumu isiyonywa maji, kama ile ya mikeka ya mazoezi, milimita 10. Hicho ndicho kinachokata baridi. Sponji laini ikikaliwa hubonyea mpaka unakaa kwenye chuma kilekile. Zipu iwe upande wa nyuma chini, na gonga ringi mbili ndogo kwenye kona za chini ili maji na hewa vitoke.

Sakafu: hakikisha inainama kuelekea nje, sentimita 1 kwa mita. Kisha weka jukwaa la vipande vya mbao eneo la viti tu, juu ya papi zinazolala kufuata mwinamo wa maji, siyo kuukatiza. Acha milimita 5 kati ya ubao na ubao. Zulia la pamba au sufu litaoza, chukua mkeka wa plastiki.

---

KibarazaWazi:

Swali la mwisho: jua likitoka, mapazia nayakunja au naviringisha? Na yakiwa yamelowa?

---

FundiTurubai:

Viringisha, usikunje. PVC ikipoa hukakamaa, na mkunjo mmoja wa asubuhi ya baridi huacha mstari mweupe ambao baadaye hupasuka. Viringisha kwenye lile bomba la chini, upande uliopigwa na mvua ukiwa nje, na funga kwa mikanda mitatu kila kipande. Likiwa limelowa liache limening'inia saa moja au mbili kwanza, kwa sababu maji yaliyonaswa ndani huifanya plastiki iwe na ukungu mweupe na mishono ishike kuvu. Kusafisha ni maji mengi kwanza kuondoa mchanga, kisha sabuni ya maji na kitambaa laini. Usiguse kwa petroli wala spiriti.