Naomba ushauri: hesabu za kufungwa kwa hospitali ya D.C. General

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa waliowahi kukagua hesabu za halmashauri au mashirika ya umma.

Nachambua kufungwa kwa D.C. General, hospitali ya umma ya Washington, mwaka 2001. Baraza la jiji lilipinga, lakini bodi ya fedha iliyoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1995 ikapitisha. Wasio na bima wakahamishiwa kwa mkataba hospitali binafsi ya Greater Southeast, ambayo Novemba 2002 iliomba kinga ya mufilisi baada ya mfadhili wake, National Century, kuanguka.

Hoja ilikuwa kubana matumizi. Nimelinganisha ruzuku ya zamani na thamani ya mkataba mpya, ila haitoshi: nje zinabaki stahiki za walioachishwa kazi, madeni ya wasambazaji, madai ya uzembe wa kitabibu (haya huja miaka baadaye), ulinzi wa majengo na utunzaji wa mafaili ya wagonjwa. Isitoshe, jiji liliikopesha hospitali fedha juu ya ruzuku iliyopangwa.

Mikopo hiyo isiyorejeshwa niiweke kwenye miaka ilipotolewa, au niihesabu kama gharama ya kufunga? Njia ya kwanza inafanya uendeshaji uonekane ghali. Ya pili inageuza picha yote.

Na bili za Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ambazo hazijalipwa siku ya kufunga, kwa kawaida huhamia vitabu vya jiji au hubaki kwenye hesabu za mwisho za shirika lililoendesha hospitali?