Dodoma: nimeuziwa seva ya nyumbani "mpya", diski zake ni za mtumba!

Wakuu, nina hasira sijui nizipeleke wapi.

Mimi ni mpiga picha za harusi, naishi Nkuhungu. Februari nilitaka seva ya kuhifadhia kazi zangu nyumbani. Rafiki yangu akanishauri nichukue kompyuta ya mezani iliyokaa bure, nitie diski mbili na TrueNAS, programu ya bure ya kuigeuza kompyuta kuwa seva, nimalize. Muuzaji wa duka moja mjini akanigeuza: "Dada, hayo ya kuungaunga yatakusumbua. Chukua hii, kila kitu kimo, ni kuchomeka tu." Nikatoa milioni 1.6. Ndani kuna diski mbili za TB 4 kwa RAID 1, yaani kila faili linaandikwa kwenye zote mbili.

Wiki iliyopita moja ikafa. Nikachomeka nyingine, seva ikaanza kunakili upya. Kazi hiyo inalazimisha diski iliyobaki isomwe mwanzo hadi mwisho, saa kwa saa. Nayo ikaanza kugonga tk-tk-tk, ikafia njiani. Harusi 3 zimepotea. Mama mzazi wa bibi harusi mmoja alifariki Agosti, na mle ndimo alimokuwa akimtunza mwanawe huku analia.

Ndipo nikazitoa nikazipima kwenye ile kompyuta kuukuu kwa smartctl, programu inayoonyesha hali ya diski na saa ilizowaka. Ya kwanza imeshawaka saa 31,412. Ya pili saa 31,388. Jamani, miezi 8 usiku na mchana haifiki saa 6,000! Hizo nyingine zaidi ya 25,000, karibu miaka 3, zilifanya kazi kwa nani? Na kwa kuwa zimechoka pamoja, zimekufa pamoja.

Nimerudi dukani na risiti. Eti "umeifungua, gwaranti imekufa." Nimefungua nini? Trei zinavutwa kwa kidole, hata bisibisi haihitajiki, zimetengenezwa hivyo ili diski ibadilishwe!

Najua mtaniambia RAID si nakala ya akiba. Ni kweli, nakala ya pembeni nilikuwa nayo ya mwaka jana tu. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuniuzia mtumba kwa bei ya kitu kipya. Ningeunda mwenyewe, diski ningezipima kabla sijaziwekea hata picha moja.

Nataka hela yangu. Aliyewahi kupeleka lalamiko Tume ya Ushindani anieleze alianzia wapi na alibeba vielelezo gani. Picha za vipimo na risiti ninazo.